Nimevuta kebo ya Cat6 na spidi ya mtandao bado inagota megabiti 94. Je, ninunue Cat8?

"Salaam, fundi. Mimi ni mfasiri, nafanyia kazi nyumbani, Dar es Salaam, nyumba ya ghorofa moja. Mwezi uliopita tumeingiziwa faiba, kifurushi cha megabiti 200 kwa sekunde. Ruta iko sebuleni karibu na mlango, na ofisi yangu ni chumba cha juu upande wa nyuma. Simu ikiwa karibu na ruta inapata 190 na ushee, lakini Wi-Fi haifiki vizuri ofisini, kwa hiyo fundi alinivutia kebo aliyosema ni Cat6, kama mita 25. Nikichomeka kompyuta kwenye hiyo kebo haivuki 94, iwe asubuhi au usiku wa manane. Fundi anasema kebo ni ndefu mno, inapoteza nguvu, na dawa yake ni Cat8, au tuikate faiba yenyewe pale sebuleni tuiunge hadi ofisini. Halafu mwanangu anataka mtandao kwenye banda la uani, mita 40 hivi kutoka nyumba kubwa, na fundi anashauri apitishe kebo ileile kwenye bomba moja na waya wa umeme unaokwenda huko. Sitaki kuchimba ukuta mara mbili. Ninunue kebo gani?"

Salaam nawe, dada yangu. Umeuliza swali moja, lakini barua yako imebeba matatu: kwa nini spidi imekwama, kama faiba isogezwe, na mtandao ufike vipi uani. La kwanza huenda lisikugharimu zaidi ya vichwa viwili vya kebo. Kwa hiyo usinunue Cat8 (hizo Cat ni madaraja ya kebo ya mtandao, nitayaeleza mbele), na usimruhusu mtu aiguse faiba kabla hujamaliza kusoma hapa.

Tuanze na hiyo 94. Kebo inayopoteza nguvu njiani haitoi namba tulivu namna hiyo. Ingekupa 130 asubuhi, 60 mchana, na katikati ya kikao na mteja ingekatika kabisa. Yako inagota palepale saa zote, na fundi wa mitandao akisikia 94 anajua pa kuanza kutafuta. Matundu ya kebo kwenye ruta na kompyuta hayapandishi spidi kidogo kidogo kama sauti ya redio. Yana ngazi: megabiti 10, kisha 100, kisha 1000. Vifaa viwili vikiunganishwa, kwanza vinasalimiana na kukubaliana ngazi ya juu ambayo vyote vinaiweza. Ngazi ya 200 haipo. Vya kwako vimekubaliana 100, na katika hiyo 100 kuna sehemu inaliwa na anwani na alama ambazo kila kipande cha data husafiri nazo, kama bahasha inavyoongeza uzito wa barua. Kinachokufikia ni 94 hivi. Kwa maneno mengine, kebo yako inafanya kazi vizuri kabisa, ila kwenye ngazi isiyo yake.

Kwa nini vikubaliane 100 wakati vina uwezo wa 1000? Vua ganda la kebo yoyote ya mtandao, utakuta nyaya nane ndogo zilizosokotwa mbili mbili: jozi ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Ngazi ya 100 inatumia jozi mbili tu, ya chungwa na ya kijani, zinazokaa kwenye meno namba 1, 2, 3 na 6 ya kichwa. Ngazi ya 1000 inataka jozi zote nne kwa pamoja. Waya mmoja tu wa buluu au wa kahawia usipogusa jino lake, huoni taa nyekundu wala ujumbe wowote. Vifaa vinashuka ngazi kimya kimya na maisha yanaendelea. Ingekuwa waya wa chungwa au wa kijani ndio haushiki, usingekuwa na mtandao kabisa ofisini. Kwa kuwa unao, shaka yangu naiweka kwenye buluu na kahawia.

Lakini tusimhukumu fundi kabla ya kukagua. Bebea kompyuta sebuleni, ichomeke moja kwa moja kwenye ruta kwa kebo fupi. Hiyo kebo fupi itazame kwanza: vichwa vingi ni vya plastiki inayopitisha mwanga, hesabu rangi ndani yake. Nimekutana na kebo zinazokuja ndani ya boksi la ruta zikiwa na nyaya nne tu, na hizo haziwezi kuvuka 100 hata ungeziombea. Ikiwa na nyaya nane na kompyuta ikapata 190, basi kompyuta ni nzima, tundu la ruta ni zima, na ugonjwa uko kwenye ile kebo ya mita 25. Ikibaki 94 hapohapo sebuleni, kebo ya ukutani haina kosa. Jaribu tundu jingine la ruta, kwa sababu zipo ruta zenye tundu moja la 1000 na mengine ya 100. Na kama kompyuta yako ni zile nyembamba zisizo na tundu la kebo, ukawa unatumia kiunganishi cha USB, angalia kimeandikwa nini: vingi vya bei ya chini vinaishia 100. Kwenye Windows, ukifungua mipangilio ya mtandao sehemu ya Ethernet, utaiona spidi iliyokubaliwa imeandikwa waziwazi, 100/100 au 1000/1000. Hiyo ndiyo namba ya kuitazama kila unapobadilisha kitu, kabla hata hujapima spidi ya intaneti.

Tukichukulia kosa liko kwenye kebo ya ukutani, panda nayo ofisini. Shika kichwa klipu ikitazama chini na kebo ikija upande wako, kielekeze dirishani penye mwanga. Kuanzia kushoto unapaswa kuona: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kuna mpangilio wa pili unaokubalika, ambao chungwa na kijani hubadilishana nafasi. Wowote ni sawa, mradi ncha zote mbili zifanane. Tazama kama kila waya umefika mpaka ukuta wa mbele wa kichwa. Mara nyingi utakuta mmoja umeishia milimita mbili nyuma, na yale meno ya dhahabu yalipobanwa yakatua kwenye plastiki tupu. Tazama pia kama ganda la nje limeingia ndani ya kichwa na kubanwa humo. Kama nyaya za rangi zinachungulia nje, kila kebo ikivutwa kidogo mzigo unabebwa na nyuzi zenyewe, na siku moja mmoja utachomoka.

Umeona kijani kilivyotenganishwa na mwenzake, jozi ya buluu ikakaa katikati yao? Hapo ndipo mafundi wengi wanakosea kwa nia njema. Mtu anaona ni vizuri zaidi kuzipanga jozi kwa jozi kama watoto wa shule: chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, buluu, kahawia. Anafanya hivyo ncha zote mbili, anachomeka testa ya taa nane, taa zote zinawaka kwa zamu, anakabidhi kazi. Testa ile inauliza tu kama waya umefika upande wa pili. Haiulizi umesokotwa pamoja na waya upi.

Na kusokotwa ndiko kunakoifanya kebo hii iwe kebo ya mtandao. Ishara inasafiri kwenye nyaya mbili za jozi kwa kinyume: mmoja ukipanda, mwenzake anashuka kwa kiasi kilekile. Kelele za umeme kutoka nje, za feni, jenereta ya jirani au waya wa taa, zinaingia kwenye nyaya zote mbili kwa usawa kwa sababu zimezungukana. Upande wa kupokea unachukua tofauti kati ya nyaya hizo mbili tu, na kelele iliyo sawa pande zote inajifuta. Wazo hili ni la zamani: Alexander Graham Bell alipata hataza ya kusokota nyaya za simu mwaka 1881. Ukiichukua ishara ya jozi moja ukaipitisha kwenye nyaya mbili ambazo hazikusokotwa pamoja, umeondoa kinga hiyo yote, hata kama kila waya umefika. Ndiyo maana pia fundi hatakiwi kuzisokotoa nyaya zaidi ya milimita 13 pale kwenye kichwa. Akizifungua sentimita tano ili apate nafasi ya kuzinyoosha, amejirahisishia kazi na kukuachia kasoro.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kukata vichwa vyote viwili na kuvibana upya. Ni kazi ya dakika kumi kwa mtu mwenye mkono mzuri. Lakini kabla ya kubana, chukua kile kipande kilichokatwa, maana kinajibu swali lingine ambalo kwangu ni zito kuliko la Cat ngapi: je, hii ni shaba kweli?

Soko letu limejaa kebo za alumini iliyopakwa shaba juu. Kwa nje waya unang'aa wekundu uleule, boksi limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa, na bei ni ya kuvutia. Kwangua waya mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani; alumini itakuonyesha weupe wa fedha. Ukunje na kuukunjua: wa alumini hukatika upesi, wa shaba unavumilia. Ukiwa dukani, beba boksi zima mikononi, na boksi jingine unalolijua ni la shaba. Alumini ina uzito usiofikia hata theluthi moja ya shaba, mkono unaitambua tofauti papo hapo. Mwenye multimita apime: anaunganisha nyaya mbili za jozi moja ncha ya mwisho, anapima ncha ya mwanzo. Boksi la mita 305 la shaba halitakiwi kuvuka omu 57, yaani kipimo cha ukinzani wa waya, kwa mzunguko huo. La alumini huvuka, mara nyingi kwa mbali.

Je, alumini haifanyi kazi kabisa? Inafanya, na hilo ndilo linalowachanganya watu. Kwa mita chache, kompyuta moja, siku ya kwanza, utapata 1000. Shida inakuja baadaye. Waya unavunjika kirahisi ndani ya kichwa. Ukitaka kupitisha umeme wa kamera au wa kifaa cha Wi-Fi cha darini kwenye kebo hiyohiyo, unapashwa moto zaidi na kifaa cha mwisho kinapata volti pungufu. Na sisi wa pwani tuna adui mwingine. Niliitwa nyumba moja Kigamboni, karibu na bahari, mtandao wa chumbani umekufa baada ya masika mbili tu. Nilipopasua kichwa nilikuta pale waya ulipokatwa pana unga mweupe, laini kama poda ya mtoto. Hewa ya chumvi na unyevu vimeingia palipo na shaba na alumini zikigusana, na alumini imeliwa. Kebo ilikuwa imezikwa ukutani chini ya vigae vipya. Mwenye nyumba aliniuliza kama kuna dawa ya kupulizia. Haipo. Nilisikia vibaya kumwambia, na tangu siku hiyo sikubali kuvuta kebo ya namna hiyo ndani ya ukuta wa mtu hata akisema atabeba lawama mwenyewe.

Kebo yako ikionekana ni alumini, ibadilishe sasa, wakati bado unamwita fundi. Ikiwa ni shaba, iache ilipo, bana vichwa upya, na nina matumaini makubwa utaiona 1000/1000.

Sasa hizo namba za Cat. Ni daraja la ubora, na kinachopanda ni masafa ambayo kebo inaweza kuyabeba bila jozi kuingiliana. Cat5e ya shaba inabeba megabiti 1000 kwa mita 100. Cat6 inabeba hizohizo kwa mita 100, na 10,000 kwa umbali wa mita 55 au pungufu. Cat6A inabeba 10,000 kwa mita 100 kamili. Cat8 ilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vya seva, kuunganisha mashine zilizo kwenye kabati jirani, na mwisho wake ni mita 30. Ni nene, ngumu kukunja kwenye kona za nyumba, na ina kinga ya foili ambayo inatakiwa kuunganishwa na ardhi kwa vifaa vinavyoendana nayo. Kwa kifurushi cha 200 ni sawa na kununua lori la tani kumi kwenda nalo sokoni kununua mchicha. Zile kebo bapa, nyembamba kama utepe, zilizoandikwa Cat7 au Cat8 kwenye mtandao wa maduka, zina nyuzi nyembamba mno. Za kuunganisha televisheni na ruta iliyo pembeni yake sawa, za ukutani hapana.

Na ile hoja kwamba mita 25 ni ndefu mno, naomba uiweke kando kabisa. Ishara kwenye shaba inakwenda kwa takriban theluthi mbili ya kasi ya mwanga, mita 100 inazimaliza kwa nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Hadi mita hizo 100, kebo nzima ya shaba iliyobanwa vizuri inakupa spidi ileile ya kebo ya mita moja.

Chaguo langu kwa nyumba yako ni Cat6 ya shaba tupu, isiyo na foili, yenye waya mmoja mgumu ndani ya kila rangi. Kebo zenye nyuzi nyingi laini ni za kutoka ukutani hadi kwenye kompyuta, hazifai kuvutwa mbali. Cat5e nzuri ya shaba ingekutosha leo na kesho, sitakuficha. Ila tofauti ya bei na Cat6 ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kuchimba ukuta, kupiga lipu na rangi. Na kwa kuwa umesema hutaki kuchimba mara mbili, zipitishwe kebo mbili sambamba, ingawa unahitaji moja. Ya pili itakuja kuwa ya kamera, au ya kifaa cha Wi-Fi cha juu, au itakuokoa panya akiitafuna ya kwanza. Hiyo kebo ya ziada ina faida kwako kuliko namba yoyote iliyo juu ya sita.

Nakuja kwenye faiba. Ule waya mwembamba unaoingia sebuleni hauna umeme ndani. Una uzi wa kioo wenye kipenyo cha mikroni 125, na mwanga unapita kwenye kiini chake cha mikroni 9 tu. Nyuzi mbili za namna hiyo haziungwi kwa kusokota na kufunga utepe. Zinaungwa kwa mashine inayoziyeyusha zikawa moja, zikiwa zimekatwa kwa ncha safi na kufutwa vumbi. Kichwa chake cha kijani kimekatwa kwa mshazari wa digrii 8 ili mwanga unaorudi nyuma usiingie tena kwenye njia, na ukikilazimisha kwenye tundu la buluu, ambalo ni la ncha isiyo na mshazari, vinagusana vibaya na unaweza kuharibu vyote viwili. Kuikunja kwa pembe kali nako kunavujisha mwanga. Mara ngapi nimefika nyumbani kwa mtu "mtandao umekufa" nikakuta kochi limesukumwa likaibana faiba ukutani!

Tena, mara nyingi waya huo na kile kifaa cha mwisho wake ni mali ya kampuni iliyokuunganisha. Ukitaka visogezwe mpaka ofisini, waombe wao waje na mashine yao. Wengine wanatoza, wengine hawatozi. Kwa kesi yako sioni sababu. Ruta sebuleni inawahudumia wote walio chini, na kebo ya shaba ya mita 25 inafikisha 200 zote juu bila kupungua. Na tafadhali mwambie kila mtu nyumbani asichungulie ncha ya faiba iliyochomolewa. Mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini upo.

Banda la uani ni habari nyingine, na hapa nakataa kabisa ushauri uliopewa. Kebo ya mtandao haipiti kwenye bomba moja na waya wa umeme. Kelele ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba ganda la waya wa umeme likichubuka wakati wa kuvuta, au likachakaa kwa joto, volti 230 zina njia ya kwenda moja kwa moja kwenye ruta, kwenye kompyuta, na kwenye mkono wa mwanao. Zinapopita sambamba ndani ya nyumba ziachane, sentimita 30 ni kipimo kizuri. Zikilazimika kukatana, zikatane kwa pembe mraba.

Hata ikiwa kwenye bomba lake peke yake, shaba kati ya majengo mawili inanitia wasiwasi kwa ajili ya radi. Radi haihitaji kupiga paa lako. Ikipiga jirani, waya mrefu wa shaba uliolala nje unapokea msukumo wa umeme na kuupeleka kwenye vifaa vya ncha zote mbili. Kila masika napokea ruta zilizokufa tundu moja, lile lililokuwa limeunganishwa na kebo ya nje. Isitoshe, banda linaweza kuwa na waya wake wa ardhini tofauti na wa nyumba kubwa, na kebo ya shaba ikawa daraja kati ya ardhi mbili zisizolingana.

Kwa hiyo uani tumia faiba, ya kwako mwenyewe, isiyohusiana na ile ya kampuni. Inauzwa kebo ya nje yenye vichwa vilivyofungwa tayari kiwandani. Chukua ya mita 60 ili ipande ukuta na kukunja kona bila kubanwa. Hakikisha haina waya wa chuma pembeni wa kuibebea, maana ukiweka chuma umerudisha njia ileile ya radi tuliyoifunga. Kila ncha inahitaji kigeuzi, kiboksi kidogo kinachogeuza mwanga kuwa ishara ya kebo ya kawaida, na kila kigeuzi kinahitaji soketi ya umeme. Vya uzi mmoja huuzwa kwa jozi, A na B, kwa sababu kila kimoja kinatuma mwanga wa aina yake. Ukinunua A mbili hazitasikilizana. Vichwa vya kebo vifanane na matundu ya vigeuzi, na mara nyingi hivyo ni vya buluu. Ulizia vya megabiti 1000, vya 100 bado vimejaa madukani na vitakurudisha kwenye 94.

Kama kuchimba mtaro wa uani ni kero, njia ya pili ni antena mbili ndogo za nje zinazotazamana, moja ukutani kwa nyumba kubwa na moja kwenye banda. Kwa mita 40 zinatosha na kubaki, mradi hakuna kitu katikati. Mwembe ukiwa njiani, majani mabichi yaliyoloa mvua yanakula ishara, usitegemee. Njia ya tatu, ambayo naiweka mwisho, ni Cat6 ya nje yenye ganda jeusi lisiloharibiwa na jua, ndani ya bomba lake, ikiwa na vizuia-radi ncha zote mbili vilivyounganishwa na ardhi sawasawa. Wapo watu wanaishi nayo miaka. Lakini kebo ya kijivu ya ndani usiipitishe juu ya bati. Jua letu linaipasua ganda, maji yanaingia, na kwisha.

Jambo moja pembeni. Siku mtandao ukiwa mzito, tazama kwanza kama ni nyumba yako au ni nchi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Wiki ile nilipigiwa simu na watu waliotaka nibadilishe kebo za ndani ya nyumba zao. Niliwaambia wafungue mipangilio wasome: kama imeandikwa 1000/1000, kebo yako imefanya kazi yake, subiri meli ya matengenezo.

Kuhusu nani afanye nini: kubana vichwa upya na kukagua rangi mpe fundi yuleyule, mwonyeshe haya, wengi wanafurahi kujifunza. Ukishabana mara mbili na bado ni 100/100, tafuta mtu mwenye kipimo kinachopima jozi na urefu, si testa ya taa tu. Kitaonyesha kebo imekatika mita ya ngapi, na hutachimba ukuta wote. Bomba la uani likikaribia nyaya za umeme, au ukitaka vizuia-radi, mwite fundi umeme mwenye leseni akupimie na ardhi. Na taa iliyoandikwa LOS kwenye kifaa cha faiba ikiwaka nyekundu, yaani mwanga haufiki, angalia tu kama kuna mahali waya umebanwa au umekunjwa, kisha piga simu kampuni.

Siku ya kazi, kabla fundi hajafunga ukuta, mwombe mambo matatu: aache mzunguko wa mita moja ya kebo kila ncha ili siku nyingine kichwa kikiharibika pawepo pa kukata, aandike kwa kalamu ya wino mzito kila kebo inatoka wapi na inakwenda wapi, ncha zote mbili, na aache kamba ya nailoni ndani ya bomba. Kisha chomeka kompyuta ofisini mbele yake, na msome pamoja ile namba, 1000/1000, kabla hujamlipa.